Briji Inawaka, Lakini Nyuzi Zitakaa Wapi?

Wiki hii tuwaache kidogo wapenzi na visa vyao, tuzungumze habari za chuma. Ndiyo, chuma! Kama hupigi gitaa usikimbie. Huenda shemeji yako anapiga, na hela ya sikukuu ndiyo hiyo anataka kwenda kuitupa dukani.

Gitaa la umeme lina kitu tunakiita briji. Ni kile chuma kwenye tumbo la gitaa ambacho nyuzi zote sita hukikalia, kila uzi na kitandiko chake kidogo. Sasa kwa sisi wa Dar, jasho la jukwaani ukichanganya na upepo wa chumvi, chuma hicho huliwa na kutu mpaka skrubu za kurekebishia hazizunguki tena. La kwangu lilifikia hapo. Ni kopi ya Stratocaster, nililinunua kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anaacha muziki, na ndilo linalonilisha kila Jumamosi kwenye maharusi. Nisipopanda jukwaani wiki moja tu, kuna kijana yuko pale chini anasubiri nafasi. Na anapiga vizuri, sitaki kudanganya.

Basi nikaingia Kariakoo. Muuzaji akanitolea briji ya rangi ya dhahabu, bwana wee, inawaka kama pete ya ndoa.

"Mdogo wangu, hii ndiyo yenyewe. Strato zote inaingia."

"Kaka, nyuzi zimeachana kiasi gani?"

Akaniangalia kama nimemuuliza umri wa mama yake. "Si kawaida tu!"

Kawaida gani? Fender walipoitoa Stratocaster mwaka 1954, kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita pale kwenye briji ilikuwa kama milimita 56. Miaka ya 1980 wakaja na briji nyingine inayoegemea nguzo mbili badala ya skrubu sita, nyuzi zikabanwa hadi kama milimita 52 na nusu. Kopi nyingi za Asia zina kipimo hicho chembamba, nyingine zina kile kipana. Zipo pia briji za 54. Ukizipanga mezani, mapacha watupu!

Utasema milimita tatu na nusu ni kitu gani, hata punje ya mchele inazidi. Haya, chukua shingo iliyotengenezwa kwa kipimo chembamba uifungie briji pana. Kule mwisho wa shingo, karibu na tumbo, uzi wa kwanza unasogea nje zaidi ya milimita moja, na uzi wa sita vilevile upande wake. Na sebene inapigwa wapi? Huko huko! Ukitikisa kidole kidogo tu, uzi unateleza nje ya shingo, sauti inakufa "twii", na bibi harusi anageuka kukutazama. Ukifanya kinyume, briji nyembamba kwenye shingo pana, vidole vya mkono wa kulia vinagombana.

Mimi nilikuwa nimepima nyumbani kabla ya kutia nauli mfukoni. Tena usipime nafasi ya uzi mmoja na mwenzake, maana ni 10.5 kwa 11.2, rula haitakuonyesha tofauti. Pima toka uzi wa kwanza hadi wa sita, katikati kwa katikati. Langu lilisoma 52 na nusu. Ile ya dhahabu nilipoiwekea rula pale pale kaunta, 56. Hata matundu ya skrubu yalikuwa yameachana vivyo hivyo.

"Toboa mengine," akasema muuzaji. Nitoboe tundu jipya linaloliingilia la zamani, skrubu ipinde, mbao ipasuke? Kwa elfu sitini? Nikamrudishia pete yake.

Wenye magitaa ya mtindo wa Gibson, angalieni pia. Dukani watawaambia 74. Hiyo ni nafasi ya ile miguu miwili ya briji, siyo ya nyuzi! Nyuzi zenyewe huwa kama 50 hadi 52. Ila nyie mna nafuu, vitandiko vingine vinauzwa bila mfereji, fundi anauchonga mnapotaka.

Kuna mzee mmoja Magomeni anatengeneza magitaa barazani kwake. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza, "Umekuja na kipimo au umekuja na macho?" Akamwaga kopo la vyuma vya magitaa yaliyokufa. Ya tatu kuipima ikasoma 52 na nusu, imefifia rangi, lakini skrubu zote zinazunguka. Akaigeuza kuangalia lile donge la chuma la chini, kwa sababu kopi nyingi zina tumbo jembamba na donge refu hutokeza nyuma. Likatosha. Elfu ishirini.

Jumamosi ile uzi wa kwanza niliutikisa kwa makusudi mpaka mwisho wa shingo, haukutoka. Tulipopumzika, yule kijana akaja kuniuliza briji nimeitoa wapi, naye anataka. Nikamwambia kwanza arudi nyumbani akalipime la kwake.