Bibi Aliposimama Njiani

Pasaka ya mwaka 1974 iliangukia tarehe 14 Aprili. Anayeijua Rungwe hana haja ya kuelezwa Aprili yetu: mvua haikatiki, ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, na usiku kandili inakuonyesha miguu yako tu. Nilikuwa na miaka 11. Tarumbeta zilianza kulia tangu saa nane, zikipita nyumba hadi nyumba kuamsha watu. Bibi, mama yake baba, alinivika sweta mbili, akanishika mkono, tukaingia matopeni kuelekea makaburini.

Kwetu Wamoravian Pasaka haianzii kanisani. Inaanzia makaburini, gizani, watu wakilisubiri jua. Desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko ushirika wetu. Mwaka 1732 vijana wa Herrnhut, Ujerumani, walipanda kilima cha Hutberg yalipo makaburi yao, wakaipokea asubuhi ya Pasaka kwa nyimbo. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer na wenzake, walikuja nayo. Kwa Kijerumani makaburi yale huitwa shamba la Mungu, na jina hilo lilitupendeza sisi watu wa shamba. Mtu hazikwi, anapandwa.

Siku moja kabla, kila ukoo ulikuwa umefyeka na kupaka chokaa makaburi yake. Alfajiri kila ukoo ukasimama kando ya wafu wake, kama watu wanaongoja basi na wageni wao wamo ndani. Mimi niliogopa sana. Niliamini kwa akili ya kitoto kwamba jua likitoka, ardhi itapasuka kweli, na nilikuwa nimechagua mti wa kukimbilia.

Bibi hakwenda kwenye kaburi lolote. Alisimama njiani.

Alikuwa na sababu. Baba yangu mdogo alikuwa mchuuzi wa vyungu. Alikuwa akishuka hadi Matema ziwani, akivuka kwa mtumbwi mpaka Ikombe kwa Wakisi, akinunua vyungu na kuja kuviuza Tukuyu. Julai ya mwaka 1973 upepo wa mwera ulimkuta majini. Kasia lilipatikana ufukweni. Yeye hakupatikana. Tulikaa matanga bila maiti, na Bibi alipoomba wachimbe kaburi wazike walau koti lake, wazee wa kanisa walikataa. Walisema kaburi ni la mwili, hatuziki nguo. Sidhani walikuwa na roho mbaya. Walikuwa wanalinda kanuni, na aliyeumia ni mama wa marehemu.

Hapa msomaji wa leo anaweza kuteleza, akadhani Bibi alikuwa na shaka kama mwanawe yu hai baada ya kufa. Hilo halikuwa swali kwake, wala kwa bibi yake kabla hata mmisionari mmoja hajafika. Wanyakyusa walijua kwamba wafu wa ukoo wapo, wanasikia, wanakasirika, wanabariki. Huitwa abasyuka, na ndani ya jina hilo mna kitenzi kilekile tunachotumia kwa Kinyakyusa kusema Yesu amefufuka. Habari ya maisha baada ya kifo isingemtoa mtu wa Rungwe kwenye pombe yake. Kilichokuwa kigeni kabisa ni kwamba mwili, mkono huu wenye sugu, mgongo huu, utarudi. Hilo ndilo lililomfanya Bibi akubali kubatizwa. Alikuwa ameambiwa mwili utarudi, sasa alikuwa anaudai.

Mchungaji alipita na kandili, akamwona.

“Mama, mbona umesimama njiani?”

“Nisimame wapi, Mchungaji? Kaburi langu liko wapi?”

Mchungaji akaanza kumweleza habari ya mbegu, ile ya Paulo katika barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 15: kinachopandwa kinaoza, kinachoota ni kingine, tena kina utukufu. Alieleza vizuri, kwa upole. Bibi akamngoja amalize.

“Hiyo mbegu ilipandwa. Yangu imemwagika majini.” Kisha akasema neno ambalo nimelibeba zaidi ya miaka 50. “Bwana alirudi na alama za misumari, akamwonyesha Tomaso. Mwanangu ana kovu la panga chini ya goti la kushoto. Mimi ndiye niliyelifunga lilipokuwa bichi. Nitamjua kwa hilo. Sasa lile kovu nitadai kwa nani, kwa samaki?”

Nilitegemea mchungaji akasirike. Alinyamaza. Mvua ilikuwa ikimchuruzika kwenye kofia.

“Sijui, Mama,” akasema.

Badala ya kwenda kusimama katikati ya makaburi kama kila mwaka, akabaki palepale njiani, kando ya Bibi, akaanzia ibada hapo. Watu wote ikawabidi wageuke kututazama. Nilitamani kujificha. Ulipofika wakati wa kuwataja waliolala tangu Pasaka iliyopita, alisoma karatasi mpaka mwisho, akaikunja, kisha akataja jina la baba mdogo, ambalo halikuandikwa. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. Bibi akaitika “Amina” peke yake, kabla ya wengine.

Jua lenyewe hatukuliona. Ukungu mweusi uligeuka wa kijivu, tarumbeta zikalia, tukajua kumekucha.

Nilipokuwa mtu mzima na kufundisha historia, nilikutana na swali la Bibi mahali nisipolitarajia, katika historia ya Kanisa iliyoandikwa na Eusebius. Mwaka 177 Wakristo waliuawa katika mji wa Lyon, Ufaransa ya leo. Wauaji hawakutosheka na kuua. Waliiacha miili wazi siku sita, wakaichoma, wakayafagilia majivu kwenye mto Rhône, makusudi, ili wenzao wakose tumaini la kufufuka. Maadui wale walikuwa wameielewa imani ya Kikristo barabara. Walijua kwamba haikuwa imani ya roho kupaa. Ilikuwa imani ya mwili, ndiyo maana wakaupeleka mwili mtoni. Augustino naye, katika kitabu cha 22 cha kazi yake juu ya Mji wa Mungu, anawatafakari walioliwa na wanyama na walioteketea kwa moto, akajibu kwamba aliyeumba kutoka pasipo kitu hashindwi kukusanya. Ni jibu zuri. Nina hakika Bibi angelisikiliza mpaka mwisho, kisha angeuliza habari ya kovu.

Ndiyo sababu huwa nakereka msibani msemaji anaposimama na kutuliza watu kwamba jeneza limebeba ganda tu, marehemu mwenyewe ameshaondoka. Ganda? Bibi hakulilia roho. Roho ya mwanawe hakuwahi kuiogesha wala kuifunga kidonda.

Alifariki mwaka 1988. Kabla ya hapo aliita wazee wa kanisa, wengine kabisa, maana wale wa kwanza wengi walikuwa wamelala, akawapa sharti moja: kando ya kaburi lake, upande wa mashariki, iachwe nafasi ya mtu mmoja na asizikwe mtu. Safari hii walikubali. Makaburi yetu sasa yamejaa na watu wanazikana kwa kubanana, lakini nafasi ile ipo. Kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka tunaifyeka pamoja na kaburi la Bibi, na alfajiri mimi husimama hapo.