Kadi ya Elfu Kumi na Neno la Mwisho la Bibi

Leo sina umbea wa mtu, umbea ni wangu mwenyewe. Nimekaa nao tangu mwaka jana, na naona nikiendelea kuuficha kuna mwenzangu atakuja kulia kama nilivyolia mimi.

Wanaonijua hapa Ifakara wanajua kwamba mbali na kuandika, huwa napiga picha na video kwenye shughuli ndogo ndogo. Sina kamera kubwa. Nina simu yangu, taa ya mviringo na kijiti cha kushikia, basi. Msimu wangu ni baada ya mavuno ya mpunga, hela zikiwa mkononi, kila wiki sendofu au kicheni pati. Mwenzenu ndo nakula hapo.

Sasa bwana, nikapata kazi ya sendofu ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Elfu hamsini, nusu mkononi, nusu nikikabidhi. Simu yangu ilikuwa imejaa, kwa hiyo jana yake nikaenda kutafuta memori kadi. Madukani kadi ya GB 64 waliniambia bei mara mbili na zaidi ya niliyokuwa nayo. Nikakutana na kijana anatembeza mezani chaja, kava na kadi. GB 64, elfu kumi. Nikajiona mjanja.

Siku ya shughuli nilirekodi kuanzia bi harusi anapakwa hina. Jioni, kabla ya chakula, wakamleta bibi mzaa mama. Mzee haswa, kashikwa mikono na wajukuu wawili. Akakalishwa mbele ya bi harusi, MC akanyamaza, hata muziki ukazimwa. Bibi akaanza kusema.

Alieleza alivyoolewa yeye, alivyovushwa Mto Kilombero kwa mtumbwi akiwa na mkeka na kuku mmoja, anaogopa viboko kuliko anavyomwogopa mume. Watu wakacheka. Akasema leo nyie mnavuka mmekaa kwenye gari na viatu vyenu visafi. Ni kweli. Pale pamoja na mtumbwi watu walivuka kwa kivuko miaka mingi, mpaka Januari 2016 MV Kilombero II ikapinduka kwa upepo na mvua. Lile daraja la mita 384 lilizinduliwa Mei 2018. Bibi aliyaishi yote hayo.

Halafu akamshika bi harusi mkono, akasema, "Mjukuu wangu, nakuachia neno moja tu..."

Simu yangu ikaita. Mtu wa bodaboda anauliza anifuate saa ngapi. Video ikakatika. Nilimlaani yule kaka moyoni, nikakata simu, nikawasha tena haraka, nikaendelea. Nikajisemea, si mbaya, nitaunganisha vipande viwili.

Sikuunganisha. Nilikuwa nasubiri kompyuta ya rafiki yangu, leo kesho, leo kesho. Wiki ya tatu nikapigiwa simu na mama wa bi harusi. Bibi katutoka.

Nikatoa pole. Mama akasema, "Mwanangu, ile video yako ndiyo sauti ya mama tuliyobaki nayo. Tunaiomba siku ya arobaini." Nikaitikia ndiyo mama, bila shaka mama. Nikafungua simu usiku uleule niangalie.

Aisee. Picha za mwanzo zinaonekana, zinazofuata zote kijivu. Nikazima simu nikawasha. Ndo nikaharibu kabisa: kadi ina hitilafu, gusa hapa kurekebisha. Kidole kilishafika juu ya kioo. Sijui nini kilinizuia, nadhani ni uoga tu.

Nikafanya kila kitu mnachofanya nyie. Nikaitoa nikairudisha. Nikaipuliza. Shoga yangu akashauri niifukie kwenye mchele, na mnajua Ifakara mchele hatukosi. Nikaifukia usiku mzima. Asubuhi nikapata kadi yenye vumbi. Baadaye nikaja kujua hata Apple mwaka 2024 waliwaambia wateja wao wasizike simu zilizolowa kwenye mchele, vipande vidogo vinaweza kuingia ndani vikaharibu. Na kadi yangu haikuwa imelowa hata tone. Nilikuwa natibu malaria kwa dawa ya minyoo.

Fundi wa kwanza aliitazama sekunde kumi. "Dada, hii tunafomati tu, elfu tano, inapona."

"Na vilivyomo?"

"Vinaondoka, si ndo kupona kwenyewe."

Nikachukua kadi yangu nikaondoka. Njiani nikaanza kutunga uongo. Nitawaambia simu imeibiwa stendi. Nani atabisha? Nilishaandika mpaka meseji, ikabaki kubonyeza kutuma. Nikakumbuka yule mama alivyosema mwanangu. Nikaifuta.

Fundi wa pili ni kijana mdogo kuliko mimi, na yeye ndo kanifungua macho. Kwanza hakugusa kadi yangu kwenye simu yangu. Akatia kadi nyingine kwenye simu yangu, ikasoma. Akatia yangu kwenye simu nyingine, ikakataa. "Sasa tunajua mgonjwa ni nani," akasema. Rahisi hivyo, na mimi wiki nzima sikuiwaza.

Akasafisha vile vidole vinane vya rangi ya dhahabu nyuma ya kadi kwa ufutio wa penseli, taratibu. Haikusaidia. Akaniuliza kama nilikuwa nimeiweka kadi kama sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu, maana tangu Android 6 ya mwaka 2015 ukifanya hivyo kadi inafungwa kwa siri ya simu hiyo moja tu, haisomeki kwingine. Sikuwa nimefanya. Akaangalia pia kama simu yangu inabeba GB 64, maana simu nyingi za zamani mwisho wake GB 32. Inabeba.

Halafu akanieleza kwa lugha ya kwetu. Kadi ni kama ghala la mpunga. Mlangoni kuna daftari linaloonyesha gunia la nani limewekwa wapi. Daftari likichanika, simu inasema hakuna kitu, lakini magunia bado yamo ndani. Ukibonyeza fomati, unaanza daftari jipya. Ukipiga picha mpya, unaweka magunia mapya juu ya yale ya zamani, na hapo ndo basi tena. Kwa hiyo kadi ikikataa, acha kuitumia hapohapo.

Akaichomeka kwenye kompyuta. Kompyuta nayo ikaomba kufomati, akakataa. Akawasha programu ya bure inaitwa PhotoRec, hiyo haisomi daftari, inapita gunia kwa gunia inatazama ndani kuna nini. Tukakaa zaidi ya saa mbili. Majina ya faili yote yalipotea, yakaja manamba matupu. Hina ikatokea. Kuingia kwa bi harusi kukatokea. Halafu bibi akatokea, na kuku wake na mtumbwi wake. Nililia pale kijiweni watu wananitazama.

"Nakuachia neno moja tu..." Kimya. Mwisho wa faili.

Kipande cha pili hakikuwepo. Hakikuwahi kuwepo. Baada ya kunakili kila kitu pembeni, kijana akaipima kadi kwa programu nyingine, inaijaza yote halafu inasoma ilichoandika. GB 64 yangu ilikuwa GB 8. Wameiandika juu 64, na ndani wameifundisha iidanganye simu kwamba ni 64. Mwenye ghala la magunia 8 kapokea 64, mengine kayatupa nje kwenye mvua, lakini kwenye daftari kaandika yapo.

Na kuna kitu kiliniuma kikanichekesha. Kijana alisema video isiyofungwa vizuri mara nyingi haifunguki kabisa. Kama simu ya bodaboda isingeita, ile hotuba ingekuwa faili moja refu, mwanzo ndani ya ghala na mwisho nje. Tungekosa yote. Yule kaka niliyemlaani ndo kaokoa nusu.

Nikaenda Lupiro mwenyewe, kwa bodaboda yuleyule. Nikavuka daraja nimeshika mkoba kama nimebeba yai. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikakaa mkekani nikasema kila kitu, na kadi ya elfu kumi, na uongo niliotaka kutuma. Nikarudisha elfu ishirini na tano niliyopokea. Mama akaipokea, na ni haki yake. Bi harusi akainuka akatoka nje. Mpaka leo hajibu meseji zangu, nami simlaumu.

Tukaicheza video. Ilipokatika, hakuna aliyesema kitu. Halafu shangazi mmoja akasema, neno lenyewe lilikuwa uvumilivu, mimi nilikuwa nimekaa pale. Mwingine akasema hapana wifi, alisema asimnyime mgeni chakula. Mama akasema, "Mimi nilisikia usinyamaze." Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwepo, nimeshika simu, nilikuwa naangalia mwanga umekaa vizuri usoni. Sikumbuki.

Kwa hiyo wadau, ukinunua kadi ijaribu kwanza kwa kuijaza yote kabla hujaipa kitu cha maana. Bei ikiwa chini sana, jiulize. Itoe simu ikiwa imezimwa. Ikikataa kusoma, usibonyeze fomati kwa hasira. Na kama una sauti ya mtu mzima wa kwenu kwenye simu, iweke sehemu mbili leo, bando la usiku lipo.

Siku hizi nikirekodi wazee naweka simu kwenye hali ya ndege. Nikimaliza, namuomba mtu aliyekaa jirani aniambie kasikia nini, naandika kwenye daftari la karatasi.

Wewe ungekuwa mimi, ile meseji ya uongo ungeituma?