Dirisha la Vipande Vitatu

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huu nimeusikia tangu utoto, nimeufundisha darasani, na siku moja mwaka 1989, nikiwa mkuu wa shule ya bweni, niliutumia mbele ya wazazi ili kujifunika. Leo nimevuka miaka sabini, sina cheo cha kulinda wala mkubwa wa kumwogopa, na nataka kueleza kwa nini nimeacha kuutumia. Kilichoniachisha ni treni ya Kijapani iliyobuniwa kabla sijazaliwa.

Mwaka 2003 nilipelekwa Japani kwa kozi ya wiki sita ya walimu wakuu, tukakaa katika mji wa Yokohama. Kila asubuhi tulipanda treni ya umeme yenye mstari wa samawati ubavuni. Ilikuwa ya aina ya 209, iliyoanza kazi mwaka 1993: mabehewa mepesi ya chuma kisichoshika kutu, milango minne kila upande, madirisha mapana ya kioo. Kando ya mlango niliona maandishi mekundu, nikamwuliza mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu wa masomo ya ufundi, yamesema nini.

"Mwalimu," akanijibu, "hayo yanaonyesha ilipo koki ya kufungulia mlango wakati wa hatari. Tukishuka Sakuragicho nitakueleza kwa nini yapo."

Tuliposhuka hapo alinisimulia habari ambayo nimeendelea kuisoma na kuifikiria hadi leo.

Katika mwaka 1944 Japani ilikuwa vitani na ilikuwa ikielekea kushindwa. Viwanda vya silaha vilihitaji wafanyakazi, na wafanyakazi walihitaji usafiri, lakini chuma, shaba, kioo na hata mafundi vilikuwa haba. Shirika la reli la serikali likabuni treni ya umeme ya aina ya 63. Kila behewa lilikuwa na urefu wa mita 20, na kila ubavu ulikuwa na milango minne yenye upana wa mita moja, ili watu wengi waingie na kutoka upesi. Hilo lilikuwa wazo zuri. Mengine yote yalitawaliwa na uhaba. Dari halikuwapo, ukitazama juu uliona mbavu za paa. Viti vilikuwa vichache, na vingine vilikuwa ubao mtupu. Mbao zilitumika mahali pengi ambapo chuma kingefaa. Baadhi ya mabehewa yaliyobuniwa kuwa na mota yalitoka kiwandani bila mota, yakakokotwa na mengine.

Sasa msomaji aliangalie dirisha. Kioo kikubwa kilikuwa ghali na adimu, kwa hiyo kila dirisha liligawanywa vipande vitatu, cha juu, cha kati na cha chini. Cha juu na cha chini viliweza kufunguliwa ili abiria waliobanana wapate hewa. Cha kati kilikazwa kisisogee. Kwa hiyo hata ukifungua dirisha kadiri linavyoweza kufunguka, nafasi uliyopata haikufika sentimita 30. Kwa hewa ilitosha. Kwa mwili wa mtu mzima haikutosha. Simlaumu fundi aliyechora dirisha lile. Aliulizwa swali la kioo na la hewa, akalijibu vizuri. Hakuna aliyemwuliza swali la tatu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, treni hizo zilikuwa bado chache. Lakini miji ilikuwa imeungua, mabehewa ya zamani yamechakaa, na watu walikuwa wakining'inia milangoni. Basi aina ya 63 ikaendelea kutengenezwa kwa mamia, na hata kampuni za reli za watu binafsi, kama vile Tobu, Odakyu na Nankai, zikapewa. Kwa haki kabisa niseme kwamba treni hii iliwabeba Wajapani katika miaka yao ya njaa. Isingekuwapo, wengi wangekwenda kazini kwa miguu. Ubaya wake ni kwamba kilichotengenezwa kwa shida ya mwaka mmoja kiliachwa vilevile shida ilipopungua. Sisi walimu tunalijua jambo hili. Darasa la muda la mabati hujengwa kwa muhula mmoja, na miaka ishirini baadaye watoto wa wanafunzi wa kwanza husomea humo humo.

Tarehe 24 Aprili 1951, saa saba na dakika arobaini na mbili mchana, treni ya mabehewa matano ilikuwa inaingia Sakuragicho. Mafundi walikuwa juu wakibadilisha vikombe vya kuhami waya wa umeme. Spana ya mmoja wao ikagusisha waya na chuma, cheche zikaruka, waya uliobeba njia ya umeme ukakatika, na waya wa chini ukalegea. Treni ikafika. Mkono wake wa kuchukulia umeme, ule unaokaa juu ya paa la behewa la kwanza, ukanasa katika waya uliolegea. Moto ukaanza paani, na paa lilikuwa la kuungua. Katika kituo kimoja cha kupoozea umeme swichi haikukata, kwa hiyo umeme ukaendelea kuja kwa dakika kadhaa huku behewa linawaka.

Milango ya pembeni iliendeshwa kwa nguvu ya upepo, nayo haikufunguka. Koki ya kuitoa upepo huo ilikuwapo, na mtu akiizungusha mlango unafunguliwa kwa mkono. Lakini haikuwa na maandishi, abiria hawakujua kama ipo, na watumishi waliokuwa karibu hawakuikimbilia. Mlango wa kupitia behewa la pili ulifunguka kwa kuvutwa ndani, na watu walikuwa wameusukuma kwa miili yao. Likabaki dirisha la vipande vitatu. Behewa la kwanza liliteketea lote na la pili kwa sehemu. Walikufa watu 106, na 92 waliumia. Kituo kilikuwa hatua chache mbele yao.

Mwenyeji wangu alisimulia haya kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayefundisha somo. Alipomaliza akanitazama, akaniuliza kama najisikia vibaya. Nilimwambia ni jua. Halikuwa jua.

Mwaka 1989 katika shule yangu palikuwa na bweni la wavulana sitini. Wezi walikuwa wameiba mablanketi mara mbili, na wavulana nao walikuwa wakitoroka usiku kwenda kwenye dansi mjini. Mimi mwenyewe nikaamuru madirisha yatiwe nondo, na mlango ufungwe kufuli kwa nje kuanzia saa nne. Ufunguo ulikaa kwa mwalimu wa zamu. Kamati ya shule ilinipongeza. Nami niliulizwa maswali mawili, la wezi na la watoro, nikayajibu vizuri.

Usiku mmoja kijana aliyekuwa akijisomea kwa mshumaa alisinzia, godoro likashika moto. Mwalimu wa zamu alikuwa ameitwa nyumbani kwa mtoto wake mgonjwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mpishi wetu alisikia kelele, akaja na shoka la kupasulia kuni, akauvunja mlango. Vijana watatu walilazwa hospitali, mmoja wao akiwa ameungua mikono. Hakufa mtu. Wazazi walipokuja niliwapa pole, nikawaambia kwamba ajali haina kinga, nao wakaitikia kwa kichwa. Juma lililofuata mlango ulitengenezwa, nikanunua kufuli jipya, nikalitia palepale. Nilifanya hivyo bila kufikiri, na kwa miaka kumi na minne sikumweleza mtu. Hata mke wangu alijua habari ya moto tu, habari ya kufuli hakuijua.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichowatofautisha wale wenye reli na mimi. Si kwamba wao hawakukosea. Wao walikosea na watu mia na sita wakafa. Tofauti ni walichokifanya baadaye. Mabehewa yote ya aina ya 63 yaliingizwa karakana. Koki zikaandikwa zilipo. Njia za kupita kutoka behewa hadi behewa zikafunguliwa. Paa likakingwa na umeme. Kipande cha kati cha dirisha kikafanywa kifunguke. Kazi hiyo ilimalizika katika miaka ya mwanzo ya 1950, na treni zikapewa namba mpya, aina ya 72 na 73, hata jina la 63 likatoweka katika shirika. Kwa sura hiyo mpya yaliendelea kufanya kazi miaka mingi, na ya mwisho yalistaafu katika miaka ya 1980.

Tena, hawakulitupa wazo zuri pamoja na mabaya. Milango minne katika behewa la mita 20 ilibaki. Aina ya 101 iliyozaliwa mwaka 1957 iliirithi. Aina ya 103, iliyotengenezwa tangu 1963 hadi 1984 ikafikia mabehewa 3,447, nayo iliirithi. Hata ile 209 niliyopanda mimi ilikuwa nayo. Mwenye hekima akipepeta hubakiza mchele.

Lakini habari haiishii hapo, na ningekuwa nadanganya kama ningeiishia hapo. Tarehe 3 Mei 1962, usiku, huko Mikawashima mjini Tokyo, treni ya mizigo ilipita ishara ya kusimama, ikaacha njia, ikagongana na treni ya abiria ya ukoo huohuo wa 72 na 73. Mgongano ule wenyewe haukuwa ndio msiba mkubwa. Abiria sasa walikuwa wanajua habari za koki. Walizifungua, wakashuka kwenye tuta la reli gizani, wakaanza kutembea kando na juu ya njia ya pili. Zikapita dakika kama saba. Hakuna aliyeisimamisha treni iliyokuwa inakuja kutoka upande wa pili. Ilifika, ikawapitia. Walikufa watu 160, na karibu 300 waliumia.

Niliposoma haya nilikaa kimya muda mrefu. Dawa ya Sakuragicho ilikuwa imewatoa watu ndani ikawaweka njiani. Je, walikosea kuandika koki zile? La hasha. Walichokosa ni hatua ya pili, yaani mtu wa kutazama mlango unafungukia wapi. Baada ya hapo waliharakisha mitambo ya kuisimamisha treni yenyewe dereva akipita ishara, ikaenea katika njia zote za shirika kufikia 1966, wakaanza pia kuweka redio za kuzionya treni nyingine. Hata ile 209 yenye madirisha mapana haikusalimika. Mengi ya madirisha yake hayakuweza kufunguliwa, na katika miaka ya 2000, baada ya abiria kukosa hewa treni iliposimama bila umeme, baadhi yalibadilishwa yafunguke. Mwaka 1944 hadi miaka ya 2000, somo la dirisha bado linarudiwa. Kila kizazi cha mafundi hulisoma upya, kama kila darasa la kwanza linavyoanza na a, e, i, o, u.

Niliporudi nyumbani, jambo la kwanza nililofanya ni kuliondoa kufuli. Mlango wa bweni ukawekwa komeo la ndani na bawaba za kufungukia nje. Nikamwita fundi atoboe mlango wa pili ukuta wa nyuma, na dirisha moja kila upande likatiwa nondo zenye bawaba. Walimu wenzangu walinung'unika kwamba watoro watashangilia, na kweli wachache walishangilia. Nikasema afadhali niwatafute dansini.

Mwaka 2004 tukafanya zoezi la kwanza la usiku. Kengele ikalia, wavulana wakatoka kwa milango yote miwili, chini ya dakika mbili. Nilikuwa nimesimama mbele na saa mkononi, nimefurahi. Kisha nikasikia kilio nyuma ya bweni. Tulikuwa tunachimba msingi wa vyoo vipya hatua kumi tu kutoka mlango ule wa pili. Kijana wa kidato cha pili alikuwa ametumbukia, mkono ukavunjika. Habari za Mikawashima nilikuwa nimezisoma, na bado nikafungua mlango bila kutazama unakofungukia.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe kwa baba yake, mkulima wa rika langu. Nilimweleza yote, na shimo nikalitaja. Alinisikiliza, akanikaribisha uji, kisha akasema kwa upole, "Usijisumbue, mwalimu. Ajali haina kinga."

Ningeweza kuupokea msemo ule kama wazazi wa mwaka 1989 walivyoupokea kwangu. Nilimwambia, "Hii ilikuwa na kinga, mzee mwenzangu. Ilihitaji mbao mbili juu ya shimo, na taa."

Behewa moja la aina ya 63 limerudishwa katika sura yake ya zamani, nalo lipo katika jumba la makumbusho ya reli mjini Nagoya, lililofunguliwa mwaka 2011. Madirisha yake ni yale ya vipande vitatu. Kwa umri huu sidhani kama nitakwenda kuliona. Kufuli langu ninalo. Lipo mezani ninapoandika, na wajukuu wakiniuliza la nini, huwaeleza.