Upepo wa tela si wa kukisia

Kabla jua halijatoka Mapera, baba mmoja alikuwa amechuchumaa kwenye tope kando ya tela lake, akimulika tairi la kushoto kwa tochi ya simu. Aliyesimama pembeni yake ni mwanawe wa miaka 12. Mkono aliokuwa ameuweka mfukoni ndio uliovunjika Desemba ya mwaka uliotangulia, tela hilohilo lilipolala ubavu.

Nyumbani kwao ajali ile husimuliwa kwa maneno machache: tairi lilipasuka, Mungu akasaidia. Majirani waliokuja kumjulia hali mtoto walisema ajali haina kinga, na baba akaitikia. Jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu ni kwamba asubuhi ile fundi tairi alimuuliza, "Nikuwekee ngapi, mzee?" naye akajibu bila kufikiri, "Thelathini, kama za gari."

Familia hiyo hushuka ziwani kila Krismasi kwa bibi mzaa mama, nje kidogo ya Mbamba Bay. Tela linalobeba kahawa wakati wa mavuno hubeba mahindi, maharage, ndizi na magodoro. Mwaka ule kiti cha nyuma cha pikapu kilijaa mashangazi, kwa hiyo kijana akapandishwa juu ya magodoro ili yasidondoke.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, kilomita zipatazo 66 za kona na miteremko ya milima ya Umatengo. Lami hiyo humfanya dereva asahau alichofunga nyuma. Tairi la gari likilegea, usukani humwambia dereva. La tela halimwambii. Ndani ya pikapu walisikia mlio tu, kisha sauti ya mtoto. Mkono ukakaa kwenye hogo wiki 6.

Mwaka huu mama, ambaye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, aligoma kufunga mizigo mpaka apate jibu moja.

"Baba, upepo wa tela unawekwa ngapi?"

"Fundi anajua."

"Mwaka jana fundi alikuuliza wewe," alisema mama. "Mtoto akiumwa hatuulizi jirani anampa wake vijiko vingapi. Tunampima kilo kwanza, ndipo tunajua dawa kiasi gani. Hili tela umelipima?"

Baba alinyamaza. Yeye ni mtu wa kusimama mbele ya mizani ya AMCOS akibishania kilo moja ya kahawa, lakini tela hajawahi kulipima.

Jioni hiyo walipima gunia moja moja, wakapata kilo 640 za mizigo. Tela tupu wakalihesabia kilo 400, kwa kuzidisha kidogo kuliko kupunguza. Jumla 1,040. Kwa magurudumu mawili, kila tairi lingebeba kama kilo 520.

Kijana ndiye aliyesoma maandishi madogo ubavuni mwa tairi. Yalisema tairi hilo hubeba kilo zisizozidi 850, likiwa na upepo wa PSI 65, likiwa baridi. Hapo baba akaelewa. Tairi la tela lake si la aina ya gari dogo. Ni la kazi nzito, na uwezo wake wa kubeba unatokana na upepo uliomo. Likiwekwa 30 haliwezi kubeba kilo 520 kwa usalama.

Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huleta joto, na joto huachanisha tabaka za ndani mpaka siku linapopasuka. Kwa macho, tairi la namna hiyo linaweza kuonekana zima kabisa, na kulibonyeza kwa kidole gumba hakusaidii. Geji ndiyo inayosema ukweli. Upepo ukizidi mno nao una madhara: tela hurukaruka, tairi hushika barabara kidogo na kulika katikati.

Asubuhi fundi hakuweka 30, wala hakukimbilia 65, ambayo ni ya mzigo kamili. Aliangalia jedwali la kiwanda kwenye simu yake, akaongeza kidogo kwa kuwa mzigo haulali sawasawa pande zote mbili, wakakubaliana 45. Asiye na jedwali na tela lake limejaa, ni salama zaidi kufuata namba iliyoandikwa ubavuni kuliko kukisia, bila kuizidi, na akiwa na hakika kwamba rimu nayo inahimili.

Vipimo vyote huchukuliwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari au baada ya kupumzika saa 3. Tairi likipata moto upepo wake hupanda wenyewe. Kwa tairi kama hili, kila nyuzi 10 za joto huongeza takriban PSI 2. Anayeupunguza njiani kwa kudhani umezidi atajikuta na tairi laini likishapoa.

Kijana alikuwa bado anasoma. Akauliza maana ya tarakimu 4 za mwisho baada ya herufi DOT: 3511.

"Wiki ya 35, mwaka 2011," fundi akamjibu. "Hili ni mtumba, mzee. Limezeeka. Hata ukilijaza vizuri, mimi nisingelishusha nalo mlima."

Lilikuwa pacha wa lile lililopasuka. Kulibadilisha kulimaanisha kwenda Mbinga mjini, kutumia pesa iliyotengwa kwa sare za shule, na kumpigia bibi simu kwamba wanakuja kesho. Baba alisimama akilitazama tela kwa muda. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Mwaka jana haikuwa bahati mbaya," alisema. "Nilikosea mimi. Tairi halikuwa na upepo wa kutosha, na wewe hukupaswa kukaa pale juu."

Kijana aliangalia chini. "Sawa, Baba," alisema, akaanza kulegeza nati.

Waliondoka siku iliyofuata. Mashangazi walipanda basi, watoto wote wakakaa ndani ya pikapu, na mizigo mizito ikapangwa mbele kidogo ya ekseli ili tela lisiyumbe. Hakuna aliyepanda juu ya magodoro, kwa sababu hata tairi jipya halimfungi mtoto mkanda.

Walifika jua likizama ziwani, mbasa wakiwa tayari jikoni kwa bibi. Mjomba mmoja aligusa tairi, akaona lina moto, akainama kulitoa upepo.

"Acha, Mjomba," alisema kijana. "Tutalipima kesho asubuhi likiwa limepoa."

Mjomba akamtazama baba mtu. Baba akatikisa kichwa kukubali, akaenda kumsalimia bibi.