Nyumba za Pengwini

Kabla sijaenda Cape Town kusoma, kwangu pengwini alikuwa ndege wa barafu. Kumbe yuko wa Afrika, anayetaga Afrika Kusini na Namibia tu, na hulia kama punda. Nilipanga chumba Simon's Town, karibu na ufuo wa Boulders, na mwenye nyumba wangu aliwalaani kila alfajiri. Walipita chini ya uzio, wakachimba bustani yake, wakaacha uvundo wa samaki mlangoni. Jozi mbili zilihamia ufuo ule mwaka 1982, zenyewe, bila kuletwa na mtu. Mama yule alisema angejua mambo yangefika huku, angezifukuza siku hiyo hiyo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mji bado ulikuwa ukisimulia meli ya Treasure, iliyozama Juni 2000 na kumwaga mafuta kati ya visiwa vya Robben na Dassen. Ndege wapatao 19,000 walisafishwa kwa mikono, mmoja mmoja. Wengine wengi, ambao hawajachafuka, walisafirishwa hadi Port Elizabeth na kuachiwa huko, ili wakati wanaogelea kurudi kwao bahari iwe imesafishwa. Mpango wa werevu mtupu.

Mimi lakini nilishangazwa na ndoo. Vichakani, zimelazwa ubavu na kufukiwa nusu, na ndani ya kila moja ndege amelalia mayai mawili. Nilimuuliza askari wa hifadhi: ndege mwitu na ndoo wapi na wapi? Akanieleza kwamba zamani pengwini walichimba viota ndani ya gwano, yaani kinyesi cha ndege kilichorundikana visiwani kwa karne nyingi, kikawa tabaka nene, lenye ubaridi. Kuanzia miaka ya 1840 meli zikaja kulikwangua na kulipeleka Ulaya kuwa mbolea, hadi mwamba ukabaki mtupu. Ndege akalazimika kutaga juani. Joto likimzidi, hukimbilia maji kujipoza, na shakwe huyavamia mayai. Na watu nao waliyaokota kwa chakula, kwa maelfu, mpaka katikati ya karne iliyopita.

Kwa hiyo ndoo ilikuwa malipo ya deni, tena malipo ya senti. Miaka iliyofuata niliona deni likilipwa kwa namna mbalimbali. Kisiwa cha Dyer kiliwekewa vibanda vya faibaglasi, vya kupendeza macho, ila jua kali likipiga ndani huwa tanuri. Wataalamu walipima joto, wakarudi mezani. Vya sasa ni vya kauri, kuta mbili zenye hewa katikati, na matundu ya kupitisha upepo. Nawaheshimu zaidi kwa kuviacha vile vya kwanza kuliko kwa kuvibuni.

Tatizo ni kwamba nyumba haishibishi. Pengwini hula sadini na samaki wa jamii ya dagaa mchele, na meli za uvuvi zinawataka hao hao. Mzazi akienda mbali kuwatafuta, kinda hukaa na njaa ndani ya kibanda kizuri kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndege hawa walizidi milioni. Mwaka 2024, jozi zinazozaa zikiwa chini ya 10,000, waliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Machi 2025, baada ya mashirika mawili ya uhifadhi kwenda mahakamani Pretoria, pande zote zilikubaliana: uvuvi wa samaki hao upigwe marufuku kwa miaka kumi kuzunguka makazi sita ya pengwini, Robben, Dassen na Dyer yakiwemo.

Nilimpigia simu mama mwenye nyumba kumpa habari. Alikuwa keshazisikia, tena ana hasira. Alitaka kujua kwa nini Boulders haimo.