Nyumba Tuliyoipita



Mwaka 2020 ulitufundisha somo moja ambalo miaka yetu ya seminari haikutuingiza moyoni. Tunataka kuwaelezea, ingawa lina haya kwetu sisi wenyewe.

Mnakumbuka namna mambo yalivyoanza. Tarehe 10 Machi habari ilitoka Kinshasa ya kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona ameonekana katika nchi yetu. Tarehe 18, Raisi wa Jamhuri alikataza makutano ya watu wengi, na ibada za makanisani pia. Ilikuwa Kwarezima. Hapa Goma, siku ya Mungu iliyofuata, kengele yetu haikulia. Tulisimama mbele ya kanisa na funguo mkononi, tukatazama mabenchi matupu dirishani, tukajiuliza: mkatekista asiye na watu wa kufundisha ni mtu wa kazi gani?

Kunawa mikono hakukutushangaza. Ebola ilikuwa imekwisha kutuzoeza, na ndoo za maji ya dawa zilikuwa milangoni. Kilichotushangaza ni njaa. Kwa maana hapa kwetu jamaa nyingi huishi kwa kuvuka mpaka: asubuhi mama huenda Gisenyi, hununua nyanya na vitunguu, huuza Goma, na jioni watoto hula. Mwezi ule ule wa Machi mpaka ulifungwa. Magari ya mizigo yalipita, lakini mama mwenye beseni kichwani hakupita. Basi, chakula cha jioni kilifungwa pamoja na mpaka.

Tulikutana na mkubwa wa shirika letu, watu wanne tu, nje ya nyumba, kila mtu mbali na mwenzake. Tulikubaliana hivi: kila jamaa iliyo na kitu itoe kidogo, kikombe cha maharagi, kilo ya unga wa mihogo, au kipande cha sabuni. Kijana mmoja mwenye chukudu atapeleka vitu. Sisi tutaandika majina ya wenye shida. Tuliandika nyumba 14. Jioni kila jamaa ilisali rozari kwake, na wenye redio waliongeza sauti ili jirani asiye nayo asikie Misa. Tulijiona tumefanya vema.

Lakini kulikuwa nyumba moja karibu na njia, ya mama mjane, muuza nyanya. Zamani alikuwa wa shirika letu, akaliacha kwa sababu ya ugomvi wa mchango wa kilio. Mwezi wa Aprili alianza kukohoa. Watu wakasema: «Amechukua ugonjwa ng’ambo.» Majirani walikataza watoto wao kucheza na watoto wake. Na sisi je? Sisi tulipofika karibu na nyumba ile, tulivuka njia, tukapita upande wa pili.

Majuma matatu chukudu ilipita mbele ya mlango ule bila kusimama. Siku moja yule kijana alituuliza:

— Mwalimu, hapa hatusimami? Watoto wa hapa wanatuangalia kila mara.

— Jina la mama yao halimo katika daftari.

Kijana alinyamaza, akasukuma chukudu kidogo, kisha akasema:

— Na majina ni nani aliyeandika?

Usiku ule hatukulala. Mfano wa Musamaria tumewafundisha wakatekumeni mara nyingi, tena kwa picha. Kila tulipofika kwa yule Mulawi aliyepita upande wa pili wa njia, tulimlaumu. Hatukufikiri hata siku moja ya kwamba pengine naye alikuwa na daftari.

Asubuhi tulijifunika pua na mdomo, tukabeba unga na maharagi, tukapiga hodi.

— Mwalimu! Umepotea njia?

— Hapana, mama. Tulikuacha wewe.

— Basi simama pale pale, nisikuambukize, kama wanavyosema.

Tuliweka vitu juu ya jiwe, tukarudi nyuma. Alivichukua, hakutushukuru. Hakuwa na deni la kutushukuru. Baadaye muuguzi alikuja kumtazama, akasema ni kifua chake cha zamani. Mtaa wote ulipumua. Lakini sisi tulijiuliza: na kama ingekuwa korona kweli? Tungepaswa kwenda vilevile, kwa kujilinda na kwa kusimama mbali, lakini kwenda. Ugonjwa ulitukataza kushikana mikono. Haukutukataza kupiga hodi.

Mwezi wa Mei mama yule alituita mwenyewe. Alisema: «Daftari lako ni la watu wa benchi la mbele. Andika!» Alitutajia nyumba tano za wenzake wa mpakani. Mmoja ni Mwislamu, wawili ni Waprotestanti. Wanawake wa biashara wanajuana: wanajua nani amekula mtaji wake, nani anawasha moto jioni ili jirani waone moshi tu. Sisi hatukujua hata moja la hayo.

Serikali iliruhusu makanisa kufunguliwa tena tangu 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Tulipokutana tena kwa Misa, wengi walilia. Mama yule alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Kuhusu mchango wa kilio, mazungumzo yalichukua miezi mingine, na haki ilikuwa upande wake.

Ndugu wasomaji, tangu mkutano wao wa 1961 maaskofu wa Kongo walichagua njia ya mashirika madogo, ili Wakristu wajuane na kusaidiana mahali wanapoishi. Karibu miezi mitano kanisa lilifungwa, na mashirika yakawa kanisa letu. Lakini shirika likiwajua wale tu wanaokuja kusali, linajua nusu ya mtaa.

Tazameni daftari lenu. Ni nani aliyeandika majina? Na ni mlango gani ambapo chukudu haisimami?