Bunduki Moja, Mafundi Wengi

Ng'ambo ya mto Nili, si mbali na Juba yetu, ndipo ilipokuwa Gondokoro. Huko alifika Samuel Baker mwaka 1871, ametumwa na Khedive Ismail wa Misri kuitwaa nchi hii na kukomesha biashara ya watumwa. Walinzi wake, walioitwa "Wezi Arubaini", walichukua bunduki aina ya Snider, ambayo hutiwa risasi moja kila ipigwapo. Wanafunzi wetu wasomapo habari hizo hutuuliza: ni nani aliyeziunda? Swali ni fupi, lakini jina moja halilitoshelezi.

Yafaa tuisome Snider kipande kwa kipande, kama tulitengavyo neno katika mzizi na viambishi vyake. Mtutu aghalabu ni wa gobori la Enfield la mtindo wa 1853, lililoshindiliwa baruti kwa mdomoni. Mwaka 1866 Waingereza walianza kuyakata magobori hayo kwa nyuma na kuyatia kizibo chenye bawaba upande wa kulia, ili risasi iingilie nyuma. Kizibo hicho kilibuniwa na Mmarekani, Jacob Snider, aliyefariki katika ufukara mwaka huo huo. Kwa hiyo mwaka uliochapwa ubavuni, penye alama ya taji, waweza kuwa wa kale kuliko kizibo. Autegemeaye huo peke yake hupotoka. Tena magobori mengi yalitoka Birmingham, ambako fundi wa mtutu, wa mtambo na wa kitako walikuwa watu mbalimbali, na wengine waligonga herufi zao mahali pasipoonekana mpaka silaha ifunguliwe.

Hatuandiki haya kuisifu silaha. Mji huu umezika wengi mno tangu Desemba 2013. Twaandika kwa kuwa kijana adhaniye kwamba bunduki hushuka tu kama mvua hatatambua kuwa ni kazi ya mikono ya watu, yenye mlipaji na mwagizaji. Na sarufi yetu, tusipoangalia, humficha mtenda. "Bunduki zililetwa" ni sentensi sahihi, lakini haina mtu ndani yake.

Basi, walimu wenzetu, mwanafunzi akituandikia sentensi hiyo, tusiishie kuitia alama ya vema. Tumtake aiendeleze: zililetwa na nani, ziliundwa na nani, na zilikusudiwa nani.